Kabla hujalipa karo ya kozi ya kutoa damu, soma hapa

Nyinyi mliomaliza fomu foo mnataka kuingia flebotomi, yaani kazi ya kutoa wagonjwa damu ya kupimwa, hebu tulieni kwanza. Chuo usimuulize mwenye chuo, uliza ile bodi ya maabara ya Kenya, KMLTTB, iliyoundwa na sheria ya 1999 kama wamekiidhinisha. Viatu vya kufunika vidole. Mikono ya buibui ikunjwe. Glavu kwa joto hili la Malindi zitakutoa jasho mpaka vidole vijikunje kama umefua nguo, zoea.

Mpangilio wa kujaza chupa za damu, kwa rangi ya vifuniko, kariri mapema: samawati, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu. Zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande na dawa yenyewe ina potasiamu, ukianza nayo ikachafua nyekundu majibu yanatoka potasiamu iko juu na mgonjwa wa watu hana lolote.

Sasa chanjo ya homa ya ini B, hapa sitaki mtu anibishie. Dozi ni 3, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza, kwa hivyo ukingoja wiki ya atachmenti, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, ushachelewa. Binti wa mamangu mdogo aliingia wodini na dozi moja tu. Mzee mmoja akavuta mkono ghafla, yeye kwa kubabaika akataka kurudisha kifuniko cha sindano, kitu hakifanywi kile, sindano inaenda kwa sefti boksi, kile kisanduku cha kutupia sindano, vile ilivyo. Ikapita glavu ikamdunga kidole gumba. Akaosha akanyamaza, manake incharji, msimamizi wa wodi, alikuwa mkali. Asubuhi mamake ndio aliona mtoto hajalala, akambana mpaka akasema, wakapanda tuktuk mbio. Bahati saa 72 za kuanza dawa hazijaisha, akapewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi za siku 28, na zilimwandama, akisikia tu harufu ya viazi karai kwa jirani anakimbilia choo. Na ile ya ini ikabaki ya kungoja vipimo miezi, kila asubuhi yuko kwa kioo anavuta kope aone kama macho yamegeuka manjano.

Kwa hivyo siku ya kwanza uliza, nikijidunga namwambia nani, na usiku nani yuko. Mshipa papasa, usitegemee macho. Jina andika kwa chupa ukiwa bado pale pale kwa mgonjwa. Akisema yeye huzimia, mlaze. Kunywa chai kabla hujatoka. Picha za wodini usiposti. Na sindano usibebe nyumbani ukafanyie mazoezi ndugu zako, mnajijua.