Kukokotoa Ukuaji wa Watu Dar es Salaam Bila Kudanganywa na Mipaka

Kabla ya kushika kikokotoo, amua unahesabu Dar es Salaam ipi. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni eneo la Ilala peke yake. Mkoa una wilaya tano, na kwa Sensa ya 2022 ulikuwa na watu 5,383,728. Ukichanganya jiji na mkoa, utapoteza watu zaidi ya milioni tatu na nusu kwenye karatasi.

Kosa linalowaponza wengi ni kulinganisha wilaya kwa majina. Sensa ya 2012 ilikuta wilaya tatu: Kinondoni (1,775,049), Temeke (1,368,881) na Ilala (1,220,611). Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Mwaka 2022 Kinondoni ikasomeka 982,328. Asiyejua historia hiyo ataandika kwamba watu wamehama kwa wingi, na sivyo kabisa. Rudisha kwanza vipande mahali pake: Kinondoni na Ubungo (1,086,912) ni 2,069,240, Temeke (1,346,674) na Kigamboni (317,902) ni 1,664,576. Ilala, 1,649,912, iache ilivyo. Jumlisha zote tatu. Isipofika 5,383,728, kuna tarakimu umeikosea.

Sasa kasi ya ukuaji. Gawa idadi mpya kwa ya zamani: 5,383,728 kwa 4,364,541 (jumla ya wilaya tatu za 2012) ni 1.2335. Bonyeza ln (kitufe cha logi asilia kwenye kikokotoo), upate 0.2099, kisha gawa kwa miaka 10: asilimia 2.1 kwa mwaka. Usichukue ongezeko la asilimia 23.4 ukaligawa kwa 10, utapata 2.3, kwa sababu umesahau kwamba kila mwaka watu huongezeka juu ya walioongezeka mwaka uliotangulia. Kwa njia ileile Ilala inatoa asilimia 3.0, Kinondoni na Ubungo 1.5.

Asilimia 2.1 isikufanye useme Dar imepoa. Nyumba zimevuka mpaka wa mkoa: Barabara ya Morogoro hadi Kibaha, ya Kilwa hadi Vikindu, ya Bagamoyo hadi Mapinga. Hao wanahesabiwa Pwani, mkoa uliotoka 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyohiyo. Ukitaka Dar ya makazi, shuka kwenye majedwali ya kata, uongeze kata za Pwani zilizoungana na mji, na uziorodheshe kwa majina ili mwingine aweze kurudia hesabu yako. Usiuongeze mkoa mzima: Rufiji na Mafia zimo humo.