Kazi nyingi, muda mdogo, na bado unataka kupiga picha: fanya hivi

Mtu akikwambia anapenda sana kupiga picha ila hana muda, mchimbe kidogo, utakuta kinachokosekana ni siku nzima. Anasubiri jumamosi moja isiyo na harusi wala msiba wala ripoti ya bosi, abebe kamera aende mbali huko akatafute mandhari, na hiyo jumamosi haiji, ikija mvua inanyesha au kachoka analala mpaka saa tano. Mi naona tatizo liko kwingine kabisa. Kubonyeza kamera ni kitendo cha sehemu ya sekunde tu jamani. Muda unaliwa na vitu viwili, maandalizi kabla ya kupiga na kompyuta baada ya kupiga, ukivibana hivyo viwili hobi inaingia vizuri tu kwenye maisha hayahaya uliyonayo.

Tuanze na kamera yenyewe inapokaa. Kama iko kwenye begi lake, begi liko juu ya kabati, lenzi imetolewa, betri hujui ina chaji au haina na memori kadi umeisahau kwenye kompyuta, basi kila ukitaka kupiga picha una kazi nne za kufanya kwanza, na ukimaliza ule mwanga uliouona dirishani ushaondoka. Iweke sehemu unayopita kila siku, mtoto asiifikie ila mkono wako uifikie, lenzi ikiwa imeshafungwa kwenye kamera na kadi iko ndani. Betri ichaji usiku pamoja na simu. Na ukishahamisha picha rudisha kadi kwenye kamera palepale, kabla hujafungua hata picha moja kuiangalia, maana ukianza kuangalia tu ndo imetoka hiyo.

Lenzi chagua moja uishi nayo. Kwenye kamera ya fulu fremu (yenye sensa kubwa, sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha) lenzi ya milimita 50 inatosha kabisa, kwenye zile zenye sensa ndogo ya APS-C milimita 35 inakupa karibu mwonekano uleule. Sababu siyo uzito tu, ni kwamba ukiwa na lenzi tatu utasimama kufikiria ufunge ipi, na kitu ulichokuwa unataka kukipiga hakikusubiri. Ukikaa na moja muda mrefu unaanza kujua picha itaishia wapi hata kabla hujainua kamera.

Setingi nazo zipange ukiwa umetulia nyumbani, siyo barabarani. Kwa kutembea nje mchana weka modi ya A (kamera nyingine zimeandika Av, wewe unachagua tundu na kamera inachagua spidi), tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ISO, yaani kiasi kamera inavyohisi mwanga, iwe otomatiki, na kwenye menyu kama kamera inaruhusu iambie spidi ya kufunga isishuke chini ya 1/250 ya sekunde ili watu wanaotembea wasitoke wamevurugika. Ukiingia ndani fungua tundu la lenzi hadi f/2.8 au zaidi kama inaweza. Kamera nyingi zina sehemu ya kuhifadhi hizo setingi, mara nyingi imeandikwa C1 na C2, basi moja iwe ya nje na nyingine ya ndani, unazungusha tu.

Huna kamera? Simu inatosha na isikutie unyonge. Ila ijue vizuri. Simu nyingi zinafungua kamera bila kuweka namba ya siri, nyingine ni kubonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili, nyingine ni kutelezesha kidole kwenye skrini ikiwa imefungwa. Halafu kwenye simu nyingi ukigusa skrini juu ya kitu unachokipiga na kushikilia, inafunga fokasi na mwanga, kisha unateremsha kidole kupunguza mwanga kidogo, na hapo ndo anga linarudisha rangi na sura ya mtu haiungui tena. Hilo jambo moja tu linabadilisha picha za simu kuliko programu yoyote ya kupambia.

Sasa muda wenyewe. Wa kwanza upo njiani. Kila siku unaenda kazini au chuoni na unarudi, basi toka mapema kidogo, au shuka kituo kimoja kabla ya chako umalizie kwa mguu. Najua utasema njia ni ileile kila siku kuna nini cha kupiga, lakini kujirudia ndo faida yenyewe, kwa sababu baada ya muda unajua ukuta gani unapigwa na jua saa ngapi, kona gani watu wanatokea gizani wanaingia kwenye mwanga, mlango gani unafunguliwa asubuhi na mtu anasimama hapo kusubiri wateja. Mgeni hawezi kuyajua hayo. Ule mwanga mzuri wa asubuhi na jioni jua likiwa chini ndo bora kuliko wote, na kama unaishi karibu na ikweta jua linapanda na kushuka wima hivyo mwanga huo hauchelewi kuisha, usianze kuutafuta ukishauona, uwe umeshafika. Mchana jua likiwa utosini acha nyuso, tafuta vivuli, mistari ya mapaa, mtu anayepita kwenye upande wenye mwanga huku nyuma yake kuna giza. Mvua ikikatika angalia chini, madimbwi.

Kuna mama mmoja lazima nimtaje hapa, Vivian Maier, alizaliwa 1926 akafariki 2009. Kazi yake ilikuwa yaya, alilea watoto wa watu Chicago kwa miaka mingi sana, na alikuwa anatembea na watoto mitaani kamera ikiwa shingoni. Aliacha picha zaidi ya 100,000, na dunia ilikuja kuzijua baada ya vitu vyake kupigwa mnada 2007. Huyu hakusubiri likizo ndo apige picha, kamera ilikuwa inaenda naye popote kazi ilipompeleka. Mi kila nikisikia neno sina muda namkumbuka yeye.

Muda wa pili upo nyumbani na watu wengi wanaudharau. Dirisha moja ni studio tosha. Mkalishe mtu kama hatua moja kutoka dirishani, zima taa ya ndani (hii muhimu, rangi ya taa ikichanganyika na ya mchana ngozi inatoka ya ajabu), mgeuze uso kidogo kuelekea kwenye mwanga mpaka uone shavu la upande wa giza limepata kipande kidogo cha mwanga chini ya jicho. Giza likizidi shika shuka jeupe au hata karatasi kubwa upande huo, mwanga unarudi. Halafu wewe simama na mgongo wako karibu na ukuta wenye dirisha, siyo ulitazame dirisha, labda kama unataka mtu atoke umbo jeusi tu. Piga kadhaa, mwachie aendelee na shughuli zake. Mpiga picha Josef Sudek wa Prague, ambaye mkono wa kulia aliupoteza kwenye vita ya kwanza ya dunia, alianza 1940 kupiga dirisha la studio yake na akaendelea nalo miaka na miaka, vioo vyenye mvuke, matone, mti wa nje. Dirisha moja tu hilo.

Kuhusu familia niseme wazi, usiibe muda wao. Mtoto akicheza chuchumaa hadi usawa wa macho yake, piga kidogo, halafu weka kamera chini ucheze naye. Ukishinda na kamera kila saa watu wa nyumbani wataichukia na watakuwa na haki. Mwambie mwenzio mapema, jumapili asubuhi kabla watu hawajaamka natoka kidogo narudi saa fulani, na urudi hiyo saa kweli.

Kitu kingine kinachookoa muda ni kuwa na mada. Milango, mikono ya watu wakiwa kazini, vivuli, nguo zilizoanikwa, chochote kilicho karibu. Ukitoka bila mada unazungukazunguka unarudi mikono mitupu, ukiwa nayo jicho linajua linatafuta nini hata kwenye dakika chache za mapumziko ya mchana. Za watu kwa karibu omba ruhusa, haichukui muda na picha inatoka nzuri zaidi mtu akiwa amekubali.

Haya, kompyuta, hapa ndo mwizi mkubwa alipo. Watu wanapiga picha mia tatu halafu zinakaa miezi hazijaguswa, na kila wakifikiria lile rundo wanaona uvivu hata kutoka tena. Kwanza piga chache, kitu kikiwa kimekaa vizuri piga mbili tatu ondoka. Pili chuja mapema, ukiwa kwenye foleni au kwenye basi futa kwenye kamera hapohapo zilizotikisika na zilizofumba macho. Tatu, siku za kawaida JPEG (faili ambalo kamera imeshalitengeneza) inatosha, RAW (faili ghafi la kutengeneza mwenyewe kwenye kompyuta) iache kwa siku maalum au mwanga mgumu. Nne, kuchagua na kuediti usifanye kwa pamoja. Zipitie zote kwa swali moja tu, inabaki au haibaki, usiguse rangi hata kidogo mpaka umalize, na ukija kuediti tengeneza mtindo mmoja unaoupenda uuhifadhi uwe unauweka kwa zote. Tegesha alamu ya simu, ikilia funga. Folda zipe majina ya mwaka kwanza halafu mwezi, mfano 2025-03, zitajipanga zenyewe, na kopi iwe sehemu mbili tofauti.

Na zile video za kulinganisha kamera mpya jamani. Zinakula jioni nzima na haupigi picha hata moja, punguza.

Kuna vipindi ambavyo kweli hakuna nafasi, mtihani, mgonjwa, mtoto mchanga, na hapo usijilazimishe. Ila kamera itakayokaa muda mrefu bila kuguswa toa betri, itoe kwenye begi la kitambaa lililofungwa uiweke sehemu kavu yenye hewa, kwa sababu unyevu na giza vinaotesha ukungu ndani ya lenzi na kuutoa ni fundi tu. Itoe mara mojamoja uiwashe, ipigishe hata picha mbili za dirishani, uirudishe.