Onyesha na Negativu Yake: Kuandaa Picha za Filamu kwa Mjadala

Ukiwauliza wenzako kwa nini picha yako ya filamu imetoka ya kijivu, jibu halipatikani kwenye picha iliyo kwenye skrini. Liko kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa, ambayo mwanga na giza vimegeuzwa. Skana nyingi husawazisha kila fremu (picha moja kwenye filamu) zenyewe: negativu iliyopungukiwa mwanga huinuliwa mpaka ionekane ya kawaida, na kinachobaki ni weusi uliofifia uliojaa chengachenga. Anayeitazama hawezi kujua kama kosa ni la kamera, la dawa ya kusafishia filamu au la skana. Kwa hiyo andaa vitu viwili: picha ya kutazamwa, na picha ya negativu yenyewe pamoja na kingo zake.

Kuipiga negativu kwa kamera ya dijitali

Unahitaji lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu), stendi imara, taa bapa ya LED yenye CRI (kipimo cha uhalisia wa rangi) ya 95 au zaidi, na kishikio kitakachozuia filamu isijikunje. Fremu ya filamu ya milimita 35 ina ukubwa wa mm 24 kwa 36, hivyo kamera yenye sensa ya ukubwa huo inahitaji lenzi inayofika 1:1, yaani inayochora kitu kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Sensa ya APS-C, iliyo ndogo zaidi, inatosheka na takriban 0.65. Skrini ya tableti inaweza kushika nafasi ya taa, mradi uiinue filamu sentimita kadhaa juu yake. La sivyo nukta za skrini zitajitokeza ndani ya picha.

Kazi yenyewe ni kuiweka kamera sambamba na filamu. Kwa ukaribu huu, kamera ikiinama kidogo tu, katikati pataonekana vizuri na kona moja itakuwa na ukungu. Njia ya uhakika ni kioo cha kujitazamia. Laza kioo kidogo bapa mahali filamu itakapokaa, fokasi kwenye taswira ya lenzi yako ndani ya kioo, kisha sogeza na kuinamisha kamera mpaka duara la lenzi likae katikati kabisa ya fremu. Hapo uko sambamba. Kaza stendi, toa kioo, weka filamu.

Upande wa filamu uliopakwa tabaka la picha, ule usiong'aa, uelekee lenzi; picha utaigeuza kushoto-kulia baadaye. Usiikandamize filamu kwa kioo laini, kwa sababu upande unaong'aa ukigusana nacho hutoa pete za Newton, yaani miviringo ya rangi juu ya picha. Pulizia vumbi kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo, maana mate hayaondoki kirahisi. Zima taa za chumba, kisha piga kwa ISO 100, f/8, fokasi ya mkono, faili la RAW (ghafi, lisilochakatwa na kamera), na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera.

Muda wa shata upime kwenye ukingo mtupu wa filamu, ulio katikati ya fremu na fremu. Hapo ndipo negativu inapopitisha mwanga mwingi kuliko kwingine kote. Ongeza muda mpaka sehemu hiyo ikaribie kuungua (kuwa nyeupe tupu) kwenye histogramu, ile grafu ya mwanga ya kamera, lakini isiungue, halafu usiuguse tena mpaka filamu nzima iishe. Ukibadilisha muda kwa kila fremu, unarudia kosa lilelile la skana: negativu nyepesi na nzito zitafanana, na hutaweza kuzilinganisha.

Kwenye programu ya kuhariri, negativu ya rangi ianzie kwenye mizani ya rangi: bofya ukingo wa rangi ya chungwa ili uwe wa kijivu. Ndipo ugeuze mstari wa toni (curves), ncha nyeusi ipande juu na nyeupe ishuke chini, ukirekebisha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Nyeusi-nyeupe ni mgeuzo mmoja tu. Vumbi lililobaki lifute kwa mkono. Kisafishaji cha infraredi kwenye skana hakiwezi kusaidia filamu ya kawaida ya nyeusi-nyeupe, kwa kuwa fedha iliyo ndani yake huzuia infraredi na mashine hudhani picha yenyewe ni uchafu.

Toa JPEG ya sRGB, upande mrefu pikseli 2048. Chembe za filamu ziache. Ukizilainisha, umeondoa kitu ambacho watu wamekuja kukitazama.

Maelezo ya kuambatanisha

Andika kamera, lenzi, filamu, ISO uliyopimia mwanga, dawa na mchanganyiko wake, muda wa kusafisha, nyuzi joto, na jinsi ulivyoiingiza kwenye kompyuta. Mfano: "HP5 Plus kwa ISO 400, ID-11 1+1, dakika 13, nyuzi 20, imepigwa kwa kamera." Hapo HP5 Plus ni filamu, ID-11 ni dawa, na 1+1 ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji. Bila mstari huo, ushauri wote utakaopewa ni wa kubahatisha.

Kuisoma negativu, yako au ya mwenzako

Laza kipande chenye fremu 5 au 6 juu ya taa na ukipige kizima, matundu ya pembeni yakionekana. Simu inatosha. Anza na maandishi ya ukingoni, yaani jina la filamu na namba za fremu. Hayo yalimulikwa kiwandani, kwa hiyo yanaonyesha kazi ya dawa peke yake. Yakiwa meusi na wazi huku fremu ni nyepesi, filamu ilisafishwa sawasawa ila mwanga haukutosha kwenye kamera. Yakiwa hafifu pamoja na fremu, dawa ilikuwa baridi, imechoka, au muda ulikuwa mfupi. Maandishi yapo na fremu hakuna hata moja? Aghlabu filamu haikushika kwenye gurudumu la kamera. Filamu ikiwa tupu kabisa, hata maandishi hakuna, dawa ilikuwa imekufa au fiksa, kemikali ya kuifanya picha idumu, ilitangulia.

Mwanga uliovuja husomwa vivyo hivyo. Ukifika mpaka kwenye matundu, angalia sponji za mlango wa nyuma wa kamera. Kwenye filamu ya rangi mara nyingi hutoa michirizi myekundu au ya chungwa, kwa kuwa mwanga uliingia kwa mgongo wa filamu. Ukiishia ndani ya mipaka ya fremu, kagua shata.

Nukta nyeupe kwenye picha ni vumbi la wakati wa kuskani. Nukta nyeusi za mviringo ni viputo vya hewa vilivyozuia dawa: gonga tangi la kusafishia mezani mara tu baada ya kumimina dawa. Alama za mwezi mchanga ni filamu iliyokunjika ulipokuwa ukiivingirisha kwenye rili, gurudumu linaloishika ndani ya tangi.

Mabaka ya maziwa au ya zambarau ni fiksa isiyomaliza kazi, na hayo yanatibika hata filamu ikiwa imekwisha kukauka. Tumbukiza kipande cha filamu mbichi kwenye fiksa mpya, hesabu muda mpaka kiwe wazi, zidisha mara mbili. Rudisha negativu humo kwa muda huo, osha, kausha, kisha ipige upya.