Jinsi ya kuitazama neutrofili ikipenya kwenye jeli ya kolajeni

Neutrofili, seli nyeupe ya damu inayopambana na bakteria, ukiiweka juu ya kioo itatambaa vizuri tu. Lakini mwilini hakuna kioo. Ikishatoka kwenye mshipa wa damu inakutana na nyuzi za kolajeni (protini inayoshikilia tishu) zilizosongamana, na hapo ndipo kiunzi cha seli, yaani nyuzi za protini zinazoipa seli umbo na mwendo, kinapoonyesha kazi yake. Kwa hiyo nawasihi wanaoanza: tumieni jeli. Pangeni kumaliza siku hiyohiyo, kwa sababu neutrofili hazidumu nje ya mwili.

Hatua ya 1: Damu

Pata kwanza kibali cha maadili na ridhaa ya mtoaji. Chukua damu kwenye tyubu yenye heparini (huzuia damu kuganda), kisha tenganisha neutrofili kwa njia iliyozoeleka maabarani kwenu. Usitikise tyubu wala kupuliza pipeti kwa nguvu. Neutrofili zikichokozwa mapema hugandamana. Tia kiini rangi inayomulikwa kwa mwanga mwekundu, sababu utaiona hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Jeli

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, basi tusiende haraka. Kolajeni ya mkia wa panya ikae kwenye barafu muda wote, maana ikipata joto inaganda ungali unachanganya. Changanya na midia (maji ya virutubisho vya seli) iliyokolezwa mara 10, kisha dondoshea hidroksidi ya sodiamu kidogo kidogo ukiangalia rangi: inatoka manjano kwenda waridi hafifu. Ikifika zambarau umezidisha. Mwaga, anza upya. Ongeza seli ili kolajeni ibaki kama miligramu 1.5 hadi 2 kwa mililita, mimina kwenye chemba bila kuacha mapovu, weka kwenye nyuzi joto 37 kwa dakika 30. Dakika za mwanzo igeuze chemba mara kwa mara, la sivyo seli zote zitazama chini na utarudi kulekule kwenye kioo.

Hatua ya 3: Kivutio

Weka fMLP, nanomola 100, upande mmoja tu. Ni kipande cha protini kinachofanana na vile vinavyomwagwa na bakteria, na neutrofili hukifuata.

Hatua ya 4: Kurekodi

Piga picha kila baada ya sekunde 20, hadubini ikiwa na joto la 37. Seli hizi huenda takribani maikromita 10 kwa dakika. Picha ya kila dakika tano itakuonyesha zilipofika, si zilivyofika.

Hatua ya 5: Kutazama

Chagua seli moja iliyo mbele ya upenyo mwembamba, usiiache. Utando wa mbele unatangulia, ukisukumwa na nyuzi za aktini, protini ya kiunzi cha seli, zinazojengwa papo hapo. Matawi ya nyuzi hizo huanzishwa na Arp2/3, kundi la protini ambalo huamshwa na protini ya WASP. Watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni la WASP huugua maambukizi ya mara kwa mara na hutokwa damu kwa urahisi, basi jambo hili si la hadubini peke yake.

Kisha seli inasita. Kiini ndicho kigumu kuliko vyote vilivyomo, na ndicho kinachokwama. Cha neutrofili kina vipande kadhaa vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, kwa hiyo hupita kipande baada ya kipande. Nyuma, miosini, protini inayovuta nyuzi za aktini, inaminya, na ghafla mkia unachomoka.

Hatua ya 6: Kuzuia kimoja kimoja

Rudia jaribio ukitumia dawa, na chemba moja iwe na DMSO pekee (kiyeyushi cha dawa hizo) ya kulinganishia. Latrunkulini, iliyogunduliwa katika sponji wa Bahari ya Shamu, hunasa aktini isijiunge kuwa nyuzi: seli inakuwa duara na kusimama. Blebistatini huzuia miosini: mbele panaendelea kuchomoza lakini kiini kinabaki nyuma ya upenyo. Mwanga wa bluu huiharibu dawa hii na kuifanya sumu, ndiyo maana katika hatua ya 1 tulichagua rangi ya kiini inayomulikwa kwa mwanga mwekundu.

Nokodazoli huvunja mikrotubuli, yaani vijibomba vya protini vya kiunzi cha seli, na watu hutarajia seli isimame. Haisimami, mara nyingi miosini inazidi kuminya, na seli inatembea huku ikipoteza mwelekeo. Kwa hiyo usipime kasi peke yake. Gawanya umbali wa moja kwa moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa urefu wa njia yote iliyopitiwa: jibu likikaribia 1 seli ilinyooka, likikaribia 0 ilizunguka tu.