Jinsi ya Kuunganisha Kompyuta na Seva ya Makundi ya Habari na Kushiriki Ipasavyo

Mtu anayekutana na makundi ya habari, yaani vikundi vya mazungumzo ya maandishi kwenye mtandao, kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mahali fulani iko kompyuta moja inayohifadhi mazungumzo yote, naye huitembelea kama anavyotembelea tovuti. Sivyo ilivyo. Usenet, mtandao unaobeba makundi hayo, hauna makao makuu wala mmiliki. Ni seva nyingi zinazoendeshwa na vyuo, kampuni na watu wa kujitolea, na kila moja hupokea ujumbe kutoka kwa majirani zake, huutunza kwa muda, kisha huupeleka kwa majirani wengine ambao bado hawajaupata. Utaratibu huu ulibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, wakati ambapo kompyuta zilipigiana simu ili kubadilishana mafaili. Njia za mawasiliano zimebadilika tangu hapo, lakini mpango wa jirani kumpa jirani umebaki vilevile. Ninaanza na jambo hili kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo yanayompata mgeni, iwe ni ujumbe usioonekana, nambari zisizolingana au maneno yasiyofutika, hutokana na kutolijua.

Kwanza tafuta seva. Zamani kampuni nyingi zilizouza huduma ya intaneti ziliwapa wateja wao seva ya makundi ya habari bila malipo ya ziada, lakini nyingi zimekwisha kuiondoa. Wengine walizoea kuingia kupitia Google Groups kwa kutumia kivinjari, na mlango huo ulifungwa tarehe 22 Februari 2024: jumbe za zamani za Usenet bado zinasomeka huko, ila mpya haziingii wala hazitoki. Kwa hiyo leo unahitaji seva halisi inayotumia itifaki ya NNTP, yaani kanuni za mawasiliano ambazo programu na seva za Usenet huzitumia kupeana ujumbe. Kwa mtu anayetaka mazungumzo tu, ningependekeza aanze na Eternal September, ambayo ni ya bure, inataka usajili, na hubeba makundi ya maandishi peke yake. Zipo pia huduma za kulipia, lakini wateja wao wakubwa ni wale wanaopakua mafaili mazito kutoka makundi ya alt.binaries, na msomaji wa kawaida hana sababu ya kutoa fedha kwa uwezo asiouhitaji. Kabla ya kujisajili popote, uliza mambo haya: seva inatunza ujumbe kwa muda gani, inaruhusu kuandika au kusoma tu, na je, inakubali muunganisho uliosimbwa, yaani uliofichwa ili wengine wasiusome njiani.

Programu ya kusomea si jambo la kukusumbua sana. Thunderbird inatosha, na huenda tayari unayo kwa ajili ya barua pepe. Pan ni nyepesi na iliundwa mahsusi kwa kazi hii. Wanaopenda kufanya kazi kwa kibodi peke yake wana slrn na tin, na wanaotumia Emacs, programu ya kuhariri maandishi, wana Gnus.

Katika Thunderbird, fungua mipangilio ya akaunti, ongeza akaunti mpya, na uchague aina ya makundi ya habari, si ya barua pepe. Utaulizwa jina litakaloonekana kwa wasomaji, anwani ya barua pepe, na anwani ya seva. Ukimaliza usiondoke hapo, maana ni kosa la kawaida kuiacha akaunti ikitumia poti 119 (poti ni nambari ya mlango ambao seva husikilizia) isiyo na usimbaji wowote. Katika hali hiyo jina lako la mtumiaji na nywila husafiri yakiwa wazi, na yeyote aliye njiani kati yako na seva anaweza kuyasoma. Nenda kwenye mipangilio ya seva, chagua usalama wa SSL/TLS, na uhakikishe kwamba poti imebadilika kuwa 563. Mahali hapohapo pana kisanduku kinachoiambia programu iombe utambulisho kila inapounganishwa, nacho kiwekee alama, kwa kuwa baadhi ya seva hukuruhusu kuingia bila jina kisha zikakuficha makundi au kukukatalia kuandika, na mgeni akabaki akijiuliza amekosea wapi.

Kuhusu anwani ya barua pepe, fikiri vizuri. Itabandikwa kwenye kila ujumbe wako, nakala zitaenda katika kila seva inayobeba kundi hilo, na watuma barua taka wamekuwa wakizikusanya anwani za namna hii kwa miaka mingi. Tumia anwani uliyoitenga kwa kazi hiyo, au, kama seva yako inaruhusu, tumia anwani inayoishia na .invalid, ambayo tangu mwaka 1999 imetengwa rasmi ili isiwahi kuwa mali ya mtu yeyote. Usibuni anwani kwa kuokoteza jina la kikoa linalopendeza macho, kwa sababu jina hilo huenda lina mwenyewe, na uchafu wote utamwangukia yeye.

Akaunti ikiwa tayari, programu itaomba orodha ya makundi, na orodha hiyo ina maelfu kwa maelfu ya majina. Majina husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka jambo pana hadi jambo finyu: comp.lang.c ni kompyuta, kisha lugha za programu, kisha lugha ya C. Matawi makuu ni manane: comp, humanities, misc, news, rec, sci, soc na talk. Saba kati yake yalitokana na mpangilio mpya wa majina uliofanyika mwaka 1987, na humanities likaongezwa baadaye. Kuunda kundi jipya ndani ya matawi hayo kuna utaratibu wake, ilhali tawi la alt halina mlinzi, na ndiyo sababu utakuta humo makundi mengi yaliyoanzishwa kwa mzaha na kuachwa. Usilihukumu kundi kwa jina lake. Lifungue, tazama tarehe za jumbe za karibuni, kisha tazama kama watu wanajibiana au kila mmoja anasema peke yake. Chagua makundi matatu au manne yenye uhai na uyasome kwa wiki mbili kabla ya kuandika neno; muda huo utakuonyesha ni nani wenye ujuzi na ni mambo gani yamekwisha kujadiliwa hadi watu wakachoka.

Ninamshauri kila anayeanza azungumze na seva mara moja kwa mkono wake mwenyewe, bila programu ya kusomea katikati. Si mazoezi ya wataalamu peke yao; huchukua dakika tano, na baada ya hapo ujumbe wa kosa hautakutisha tena. Kwenye dirisha la amri, andika mstari wa kwanza hapa chini ukiweka anwani ya seva yako. Mistari inayoanza kwa nambari ni majibu ya seva, na mingine utaiandika wewe.

openssl s_client -quiet -crlf -connect news.example.com:563
200 Karibu
AUTHINFO USER jina
381 Leta nywila
AUTHINFO PASS nywila
281 Umekubaliwa
GROUP misc.test
211 842 15310 16177 misc.test
QUIT
205 Kwaheri

Maneno yanayofuata nambari hutofautiana kati ya seva na seva, na kwa kawaida hayawi ya Kiswahili kama nilivyoyaandika hapa. Programu yako huitazama nambari. Jibu 200 maana yake unaweza kusoma na kuandika, na 201 ni kusoma tu. Ukipata 480, seva inataka ujitambulishe kwanza. 481 ni kwamba jina au nywila haikukubaliwa. 483 ni kwamba inataka muunganisho uliosimbwa. 411 ni kwamba kundi uliloomba halipo kwenye seva hiyo, hata kama lipo kwenye seva nyingine. Katika jibu la 211, nambari ya kwanza ni makadirio ya idadi ya jumbe, ya pili ni nambari ya ujumbe wa zamani zaidi uliobaki, na ya tatu ni ya ujumbe mpya kabisa. Angalia kwamba nywila huonekana kwenye skrini unapoiandika, basi usifanye zoezi hili mbele ya watu. Na kama hakuna jibu lolote linalorudi, mara nyingi kosa haliko kwenye seva: mtandao unaoutumia, hasa wa ofisini au chuoni, umeifunga poti 563. Baadhi ya watoa huduma husikiliza pia kwenye poti 443, ambayo ni nadra kufungwa kwa sababu ndiyo ya tovuti zilizosimbwa.

Zile nambari za jumbe zinastahili maelezo zaidi. Kila seva huzihesabu jumbe kwa mpangilio wake, kadiri zinavyoifikia, hivyo ujumbe ulio na nambari 16177 kwako unaweza kuwa 902 kwingine. Programu hukumbuka ulichosoma kwa nambari hizo, mara nyingi katika faili lenye mistari kama comp.lang.c: 1-4521. Nilipobadilisha seva kwa mara ya kwanza nililinakili faili langu la zamani nikidhani najiokolea kazi, na kwa wiki kadhaa nikaamini kwamba kundi nililolipenda limekufa. Kumbe seva mpya ilikuwa na hesabu ndogo kuliko ya zamani, na programu ilizificha jumbe zote mpya ikiamini nimekwisha kuzisoma. Ukihama seva, anza na faili jipya. Utambulisho wa kweli wa ujumbe ni ule ulio katika sehemu yake ya Message-ID, mmoja wa mistari ya maelezo inayotangulia kila ujumbe, na huo haubadiliki popote uendako.

Sasa kuandika. Ujumbe wa kwanza uwe wa majaribio, na upelekwe misc.test au kundi la majaribio la seva yako, si penginepo. Seva ikijibu 240, imeupokea. Ikijibu 441, imeukataa, na kwa kawaida hueleza sababu katika mstari huohuo. Lakini 240 haina maana kwamba ulimwengu mzima umekwisha kuupata. Seva yako inaukabidhi kwa majirani, nao kwa majirani wao, na kazi hiyo huweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa. Asiyelijua hili huutuma ujumbe mara tatu akidhani umepotea, kisha zote tatu zikafika. Katika makundi yenye msimamizi subira inahitajika zaidi, kwa kuwa ujumbe wako huenda kwanza kwake kwa barua pepe, na hauonekani mpaka mtu aukubali.

Andika maandishi matupu, bila rangi wala picha wala HTML, kwa mpangilio wa herufi wa UTF-8 (huu hauhusiani na usimbaji wa siri), na mistari isizidi herufi 72 hivi ili ibaki nafasi ya alama za nukuu pale wengine watakapokujibu. Unapojibu, nukuu ile sehemu tu unayoijibu, ondoa mengine, na uandike chini yake. Wapo wanaoichukulia kanuni hii kuwa ukali wa wazee wa mtandao, nami sikubaliani nao. Msomaji wako yuko kwenye seva nyingine. Huenda jibu lako limemfikia kabla ya ujumbe wenyewe, au ujumbe ule ulikwisha kufutwa kwake kwa kupitwa na muda. Nukuu fupi iliyo mahali pake ndiyo inayomwezesha kuelewa, na nukuu ndefu isiyopunguzwa inamlazimisha kutafuta sindano majanini. Kadhalika, usianzishe mada mpya kwa kulijibu jambo la zamani na kubadilisha kichwa chake, maana programu hupanga nyuzi, yaani mifululizo ya ujumbe na majibu yake, kwa kufuata sehemu ya References inayotaja ujumbe unaojibiwa, na mada yako itafichwa chini ya uzi ambao watu wamekwisha kuufunga.

Jambo likihusu makundi mawili, yaandike yote mawili katika ujumbe mmoja, ukiyatenganisha kwa mkato, badala ya kutuma mara mbili. Ujumbe wa namna hiyo hutunzwa mara moja, na programu nzuri haitamwonyesha msomaji nakala ya pili. Weka pia sehemu ya Followup-To ili majibu yaelekee kundi moja. Saini, ukiitaka, itanguliwe na mstari wenye vistari viwili na nafasi moja baada yake, nayo isizidi mistari minne.

Kufuta ulichoandika usikutegemee. Amri ya kufuta ipo katika itifaki, lakini kwa sababu watu waliighushi ili kufuta maneno ya wenzao, seva nyingi huipuuza, na nakala zilizo katika hifadhi za kale haziguswi nayo kabisa. Ujumbe ambao Linus Torvalds aliutuma comp.os.minix tarehe 25 Agosti 1991, akitangaza mfumo wa kuendeshea kompyuta aliouita wa kujifurahisha tu, ambao baadaye ulijulikana kama Linux, bado unasomwa neno kwa neno, na wako unaweza kuishi vivyo hivyo. Maandishi uliyoyaandika kwa hasira yaache yalale usiku mmoja kabla ya kuyatuma.

Kwa kuwa hakuna anayeweza kumfukuza mtu Usenet nzima, kila msomaji hujitunzia mlango wake kwa vichujio. Programu nyingi hukuruhusu kuficha jumbe za mwandishi fulani, au uzi fulani, au kila ujumbe uliopelekwa makundi zaidi ya matano kwa pamoja, na hiki cha mwisho peke yake hukamata taka nyingi kuliko orodha ndefu ya majina. Programu kama slrn na Gnus huenda mbali zaidi kwa kutoa alama: mwandishi unayemthamini hupandishwa juu, asemaye ovyo hushushwa, na uzi wenye jina lako huja kwanza. Kichujio cha uzi kiwekee muda wa kuisha, kwa mfano mwezi mmoja, kwa sababu uzi hufa upesi na orodha ya vichujio visivyo na kazi huichelewesha programu. Kichujio cha mtu kipitie upya kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa huyo uliyemficha kwa ugomvi wa siku moja huenda ndiye pekee kundini anayelijua jibu la swali lako.