Kabla Kitatange Hajapanda Arusha, Andaa Friza

Mtu akinipigia simu kwamba anataka kitatange mkubwa, yule samaki wa rangi wa miamba ya baharini, sebuleni kwake Njiro au Sakina, simuulizi kwanza habari za tangi wala pampu. Namuuliza friza yake ina nafasi kiasi gani. Wengi hucheka. Baadaye, samaki akishaanza kupauka, wananipigia tena na hawacheki.

Sisi huku tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Tanga iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Mfugaji wa Dar akiishiwa chakula anashuka soko la samaki la Feri asubuhi, anarudi na kamba wabichi. Wa Arusha akiishiwa, samaki atakula kilichopo, na kilichopo mara nyingi ni dagaa wa Mwanza.

Nasema haya kwa sababu yalinikuta. Kitatange wangu wa kwanza alikuwa Pomacanthus semicirculatus, yule ambaye Waingereza humwita samaki wa Kurani kwa sababu ya michoro ya mkiani inayofanana na hati za Kiarabu. Kuna hadithi ya zamani ya samaki wa aina hiyo katika soko la Unguja, kwamba watu walisoma shahada kwenye mkia wake na bei ikapaa. Wangu hakuwa na shahada, ila alikuwa mzuri: buluu iliyokolea, na mistari myeupe iliyopinda kama mwezi mchanga. Alipenda kamba, nami nikampa kamba asubuhi na jioni kwa miezi minane. Nikadhani namdekeza. Siku moja, nikisafisha kioo, nikaona vitobo karibu na jicho, vidogo kama vya sindano. Wiki chache baadaye vilikuwa vimeungana, na mstari wa ubavuni nao ukaanza kulika. Ugonjwa huo wafugaji huuhusisha na upungufu wa vitamini, hasa A na C, na pia vumbi la mkaa wa kuchujia maji. Mkaa niliutoa siku ileile. Kubadilisha mlo kulinichukua muda mrefu zaidi, maana samaki aliyezoea kitu kimoja hukitema kingine mbele ya macho yako.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, elewa kwanza huyu mnyama anakula nini kwao. Mwaka 1968 wanasayansi John Randall na Willard Hartman walichapisha uchunguzi wa matumbo ya samaki wa miamba ya Karibi. Vitatange wa jenasi ya Holacanthus walikuwa na sifongo kwa zaidi ya asilimia 95 ya chakula chao, na wa Pomacanthus zaidi ya asilimia 70. Sifongo ni wale wanyama laini wenye matundu wanaoota juu ya mawe baharini. Sehemu inayobaki ni mwani na viumbe wengine waliojishikiza mwambani. Kitatange ni mlaji wa kudonoadonoa mchana kutwa, kidogo hapa, kidogo pale. Mlo mmoja mkubwa jioni baada ya kazi haumfai. Ukishindwa kumlisha walau mara tatu kwa siku, mtafutie mtu nyumbani atakayefanya hivyo, umwonyeshe kipimo, kwa sababu dada wa kazi au mpwa akiachiwa mfuko mzima ataumimina wote kwa huruma.

Usishawishike kwenda Tanga kuchuma sifongo mwenyewe. Akitolewa majini hewa humwingia, hufa, na akioza ndani ya tangi utalia. Zaidi ya hapo, sehemu ya pwani ile ni hifadhi ya bahari. Kuna vyakula vya kugandisha vya dukani vilivyochanganywa na sifongo. Agiza hivyo, na agiza kabla samaki hajafika, kwa sababu mzigo unaotegemea barafu hauna tarehe ya uhakika.

Sehemu kubwa ya chakula lakini unaweza kuitengeneza mwenyewe. Mimi naagiza kwa basi kutoka Tanga: kamba wenye maganda, ngisi, na kombe. Boksi la barafu lifungwe kwa utepe wa gundi raundi tatu. Nilipuuza hilo mara moja, na utingo akanipokea stendi na maneno: "Kaka, chukua mzigo wako haraka, abiria wa nyuma wamenisema tangu Same."

Nusu kilo ya kamba, robo ya ngisi, robo ya kombe, vyote vibichi na bila chumvi wala viungo. Visage kwenye blenda, lakini visiwe uji. Acha vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Ongeza karatasi kumi za nori, yaani mwani uliokaushwa, zile za kufungia sushi zinazopatikana supamaketi, uzikate kwa mkasi, na kijiko cha unga wa spirulina, ambao nao ni aina ya mwani. Jelatini ikoroge kwenye maji ya moto kama pakiti inavyoelekeza, iache ipoe hadi kidole kivumilie, ndipo uchanganye. Vitamini za matone zitie mwisho kabisa, kwani joto huiharibu vitamini C. Mimina ndani ya mifuko ya friza, ilaze, bapa liwe unene wa penseli. Kila asubuhi unavunja kipande kama unavyovunja chokoleti. Blenda nunua ya pekee. Mama watoto alionja juisi ya embe yenye harufu ya ngisi, na tangu siku hiyo vyombo vyangu vinakaa stoo.

Majani yasisahaulike. Bana karatasi ya nori kwenye kioo kwa klipu kila siku, utamwona anavyoirarua kwa kutikisa kichwa ghafla. Mwani mkavu wa Zanzibar nao unafaa, ila uloweke na kuusuuza mara kadhaa mpaka mchanga uishe. Mchicha na saladi vitamfanya aonekane anakula, basi.

Vya kuepuka ni vichache lakini ndivyo vilivyo karibu. Maini na moyo wa ng'ombe: mafuta ya mnyama wa nchi kavu huganda katika joto la maji ya tangi, na ini la samaki hulipa gharama. Dagaa nao wasiwe mlo wa kila siku. Dagaa wa Mwanza wako katika jamii moja na karpu, jamii ambayo wengi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na kugandisha hakukiui. Kombe na kamba baadhi wanacho pia, ndiyo sababu ya kuchanganya na kuongeza vitamini.

Umeme. Chakula kilichokaa kimeyeyuka kwa muda wa saa sita kwenye friza iliyozimika usikigandishe tena, mwaga. Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji, zikiganda zitashikilia baridi. Inverta ya pampu na hita uwe nayo hata hivyo, maana usiku wa Julai huku hauna mzaha. Maji nayo yapitishe kwenye mashine ya RO, ile ya kuchuja hata madini, kabla ya kutia chumvi. Floraidi ya ukanda huu wa Meru inajulikana. Tangi la lita 700 ndipo tuanze kuzungumza, kwa kuwa huyu anaweza kufika sentimita 40.

Siku ya kununua, usitoe hela kabla hujamwona akila. Mwambie muuzaji atupie kitu ukiwa umesimama hapo. Akisema "amekula asubuhi, bosi," mwambie utarudi kesho asubuhi. Angalia mgongo nyuma ya kichwa: ukiwa umebonyea, amekaa na njaa muda mrefu. Chagua wa sentimita nane hadi kumi na mbili. Mdogo zaidi huisha haraka asipokula, na mkubwa sana hukataa vyakula vigeni. Asishikwe kwa wavu, ana mwiba shavuni unaonasa. Ashikwe kwa chombo cha plastiki.

Nyumbani mzimie taa siku ya kwanza. Siku ya pili mwekee kombe mbichi, ganda limefunguliwa nusu, chini ya jiwe alilojificha, kisha ondoka chumbani. Wangu wa sasa alitoka baada ya saa mbili. Nilikuwa nachungulia kupitia tundu la kitasa, na jirani aliyekuja kuazima ngazi akanikuta nimepiga magoti mlangoni pangu mwenyewe.