Moto (umeme) wa pikipiki ukikatika na kurudi wenyewe

Kabla hujakimbilia betri mpya: fungua swichi bila kuwasha injini, mtu akushikie honi, wewe zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho huku ukitikisa waya za shingoni, za chini ya swichi, fyuzi na vichwa vya betri. Pahala sauti itakapokatika ndipo penye ugonjwa. Usitegemee taa ndogo ya dashibodi. Waya uliobakia nyuzi mbili tatu ndani ya mpira huiwasha vizuri tu, lakini honi hula umeme mwingi, haidanganyi. Kwa vyombo vinavyolala nje pwani, Nungwi au Jambiani, mimi huanza na waya wa hasi unapofungwa kwenye chesisi. Chumvi huingia chini ya nati, ukifungua unakuta unga wa kijani. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Honi ikilia sawasawa na injini bado inazima, hasa ikishapata joto, kwenye waya hizi hutapata kitu: angalia koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) na swichi ya kuzimia. Fyuzi inayoungua kila mara ni shoti, na tafadhali usiibadilishe kwa kipande cha waya.